Miaka Kumi ya Wagiriki na Siku Nne za Bibi

Enzi za Mwingereza nilikuwa mwalimu msaidizi katika shule moja ya milimani, karibu na Lushoto. Mwalimu mkuu, Mwingereza mwembamba aliyevaa kaptura hata kwenye ukungu wa Julai, alifundisha historia, na historia yake ilianzia kwenye shairi refu la Wagiriki wa kale. Wafalme walivuka bahari kumrudisha mke wa mwenzao, wakauzingira mji miaka kumi. Wanafunzi waliyanakili hayo kama habari za juzi.

Siku moja nilimwuliza ofisini tunajuaje kwamba ilikuwa hivyo.

"Wataalamu wamechimba," alinijibu. "Wamepata kuta na majivu."

Nilifurahi, maana majivu hata sisi tulikuwa nayo. Katika shamba letu la viazi, juu ya Lukozi, majembe yaliibua vipande vya nguzo zilizoungua, na baba alimsimulia kila mgeni jinsi wazee wetu walivyokilinda kilima kile miaka mitatu, watoto wa mfalme walipogombea kiti. Nilipomweleza mwalimu mkuu, alitabasamu kama mtu aliyeonyeshwa mchoro wa mtoto.

"Hizo ni ngano, Mwalimu. Lakini Jumamosi nitakuja kuona."

Alikuja na kamera na daftari. Baba alivaa kanzu ya Idi, akamwonyesha nguzo, akapigana vita vyote kwa fimbo yake. Alipoitaja miaka mitatu, mgeni aliuliza kama yupo aliyeshuhudia. Kwa bahati mbaya ya baba, alikuwepo: shangazi yake, bibi kizee aliyekuwa akichambua maharage barazani.

"Jambo, mama," mwalimu mkuu alisema.

Bibi aliendelea kuchambua. Nikamnong'oneza mgeni, naye akamwamkia shikamoo.

"Marahaba," bibi aliitikia, kisha akahamia Kishambaa, nami nikawa mkalimani wa aibu ya baba yangu. "Miaka mitatu gani? Zilikuwa siku nne. Nilikuwa nachota maji, najua. Siku ya tano chakula kiliisha, tukakimbilia kwa wajomba. Nyumba tulizichoma wenyewe, adui asije akalala humo."

Baba alitazama bondeni. Mwalimu mkuu aliandika kila neno huku akicheka.

Jumatatu alilisomea darasa maneno hayo, kuonyesha jinsi wenyeji wanavyotia chumvi. Nilicheka pamoja na wanafunzi, maana ilikuwa kweli. Kisha akarudi kwa Wagiriki na miaka yao kumi, bila kupunguza hata mwezi mmoja.

"Mwalimu Mkuu," nilisema kutoka nyuma ya darasa, "mji ule nao ulikuwa na mchota maji. Yeye aliulizwa na nani?"

"Shairi lile limedumu maelfu ya miaka."

"Shairi silibishii. Naulizia vita."

Wiki ile ile vipindi vyangu vya hesabu alipewa mwingine, mimi nikakabidhiwa bustani ya shule hadi mwisho wa muhula. Nyumbani baba hakusema na shangazi yake mpaka mavuno, wala na mimi, mkalimani. Nililima kabichi kwa hasira, zikastawi sana.