Gari la Kwenye Kadi

Harufu ya petroli hunirudishia kadi ya posta ya bibi. Ilikuwa na mchoro wa mzungu wa kale mwenye miwani mikubwa, ameshika usukani kwa maringo huku gari lake likivutwa na punda. Bibi aliicheka kila asubuhi.

Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, dereva wa lori alikataa kupakia maksai wetu. Bibi akasema mjomba atawaswaga nyuma.

Njiani lori likanasa kwenye tope jeusi la mbugani, injini ikazima isiwake tena. Mjomba alipotufikia, akawafunga maksai mbele. Dereva akatuomba tushuke. Bibi akatoa kadi kifuani, akamwonyesha.

“Hapa nani kashuka, mwanangu? Wewe shika usukani.”

Tukaingia kijijini tumekaa juu ya lori, tukivutwa, bibi akiitikia marahaba kulia na kushoto.