Maji ya Mgombea

Juzi mgombea aliahidi maji kwenye televisheni, na watu wakapiga makofi pale sebuleni kwa mjomba Hemedi. Mimi sikusikia kitu moyoni, si furaha wala hasira. Nilikumbuka tu alasiri moja ya utotoni, tulipokuwa bado tunaishi karibu na mto.

Siku hiyo watu walijaa dukani mbele ya televisheni, kukinuka mafuta ya taa na samaki wa kukaanga. Mgombea mwingine, jasho likimtoka, alisema, "Maji ya bomba yanakuja kijijini kwenu!" Sikujua kwamba anasema na nchi nzima. Nilidhani anasema nasi, na maji yanakuja siku ileile. Nikakimbia nyumbani, nikamkuta mama ameshika ndoo.

"Mama, usiende mtoni! Maji yanakuja!"

"Kasema nani?"

"Yule wa kwenye televisheni."

"Basi mwambie aje na sabuni, nina nguo za kufua," akasema, akashika njia.

Nililia sana. Pale tulipokuwa tukichota maji, uzio wa miti wa kuzuia mamba ulikuwa umebomolewa na mafuriko. Niliona mama anakwenda kuliwa bure, na maji yako njiani.

Alirudi kanga imelowa hadi magotini, akanichotea kikombe. Maji yalinuka tope.

"Sitaki. Nasubiri ya bomba."

Mama hakucheka. Alikiweka kikombe kando yangu, akaenda kuwasha moto. Nilikodolea macho barabara mpaka koo likakauka, kisha nikanywa.