Tulisimama Nyuma ya Ng'ombe Tukisubiri Akojoe

Umeshawahi kuona watu watatu wazima, na akili zao, wamesimama nyuma ya ng'ombe kimya kama wanasubiri matokeo ya mtihani?

Mimi, mama na baba tulisubiri mkojo. Kuanzia asubuhi hadi saa kumi jioni.

Mimi ndiye niliyekuwa na ndoo. Mkono umekufa ganzi, macho mazito kama yamejaa mchanga.

Ng'ombe wetu tunamwita Bosi, maana maziwa yake ndiyo yaliyonisomesha sekondari. Alizaa Jumatano, kondo la nyuma likagoma kutoka, likaozea ndani. Kufika Jumatatu hali chakula, hanywi maji, anahema kama mzee aliyepanda ngazi.

Asubuhi hiyo daktari wa mifugo akamtundikia dripu na kumchoma antibayotiki.

"Maambukizi ya kizazi yameingia kwenye damu," akasema. "Sasa nahofia figo. Akikojoa vizuri, mna ng'ombe. Asipokojoa, hamna."

Akaondoka, akaahidi kurudi jioni.

"Labda anaona aibu," nikasema. "Tumemkodolea macho sana."

"Wewe shika ndoo," mama akanijibu. Hata nguvu za kunigombeza hakuwa nazo.

Saa kumi, matone. Meusi kama kahawa. Hayakufunika hata kitako cha ndoo.

Daktari aliporudi aliyatazama muda mrefu.

"Nani amempa dawa ya maumivu?"

Nikaona nijilipue tu. "Mimi, daktari. Ile chupa ya sindano iliyoko stoo. Kila asubuhi tangu Ijumaa. Alikuwa anaguna, nikamwonea huruma."

Nikasubiri kofi la mama. Halikuja. Kugeuka, namkuta anatazama vidole vya miguu yake.

"Na mimi," akasema. "Mchana. Homa ilikuwa inashuka vizuri."

Baba akakohoa. "Jioni."

Chupa moja. Kila mtu aliona inapungua, akadhani ni macho yake.

Daktari akakaa juu ya debe, kachoka kuliko sisi.

"Sindano moja kwa siku, kwa ng'ombe anayekunywa maji, sawa. Huyu mwili mkavu, damu imechafuka, nyinyi mnamchoma tatu. Homa ikajificha, mkadhani anapona. Kumbe figo zinafunga."

Hakuna aliyemlaumu mwenzake. Angeanzia wapi?

Bosi alikata roho kesho yake, saa nne asubuhi. Mama alikuwa amemshika sikio.

Ndama anakunywa kwa chupa sasa. Juzi alikohoa mara mbili. Mama akanitazama, mimi nikamtazama baba, baba akampigia daktari. Hakuna aliyesogelea stoo.

Kwa hiyo ndugu zangu, mgonjwa wenu awe na miguu miwili au minne, kabla hujampa dawa uliza nani mwingine kampa. Uliza kwa sauti.

Sisi tulimhurumia Bosi kimyakimya. Watu watatu, kwa figo mbili.