Kingereza cha karatasi ya karanga

Nitakiri, hata kama wanafunzi wangu wa zamani watanicheka. Kingereza changu chote kilitoka kwenye ukurasa mmoja wa kamusi, ambao mama wa sokoni Butembo alinifungia karanga ndani yake. Ulikuwa na neno "big" na wenzake: large, great, huge. Niliyakariri yote, nikaringa nayo darasani.

Waasi walipouteka mji, sifa zangu ziliwafikia. Askari wawili walinikokota hadi kwa komanda wao, aliyepakata redio.

"Mwalimu, hawa batu ba Kingereza banasema nini? Ukidanganya, unakufa."

Msomaji wa habari alikimbia kama maji ya mto, nami nikanasa "large" moja tu.

"Mon commandant," nikasema kwa sauti isiyokuwa yangu, "jeshi kubwa linakuja kutoka Beni. Kubwa sana!"

Komanda aliruka. Nje, askari walianza kupakia lori mbiombio.

Ndipo redio ikarudia habari ileile kwa Kiswahili: mwaka huu wakulima wamepata mavuno makubwa ya pamba.

Komanda aliketi tena, polepole, akaweka bastola juu ya redio.

"Mwalimu, hii jeshi ya pamba iko na bunduki ngapi?"