Kifaransa cha Sadoki

Niliwahi kuamini, na ningeapa mbele ya hakimu yeyote, kwamba yule kijana mwizi wa kwenye katuni alikuwa mtoto wa kijiji cha Mamba, kule wanakolima mpunga. Macho yake yalikuwa makubwa kama visosi kwa sababu utotoni alilishwa vichwa vya kambale, na picha zilipigwa huko huko, sisi hatujazaliwa. Habari hizo zilizunguka Mpanda nzima, au tuseme zilizunguka watoto kumi na wawili wa upande wetu wa stesheni, ambao kwangu ndio waliokuwa Mpanda nzima. Nilikula vichwa vya kambale mpaka miiba ikaota kooni. Macho hayakukua hata kidogo.

Mpaka leo nikisikia harufu ya petroli ya jenereta, natafuta pa kukaa. Ndiyo ilikuwa harufu ya banda la video, Jumamosi saa nane mchana: kuta za mabanzi, magunia ya tumbaku yakiziba mwanga, televisheni moja, mikanda mitatu, na Sadoki. Huyu alikuwa kijana wa Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi, wazazi wake walitoka Burundi. Kwa kuwa mkanda wa katuni ulisema lugha aliyotuambia ni Kifaransa, yeye alisimama pembeni na fimbo akitutafsiria, nasi tukamwita Mfaransa. Mwizi alifungua mdomo mara moja, Sadoki akasema dakika nzima. Wiki hii mwizi alikuwa anatafuta taji la malkia. Wiki inayofuata, picha zilezile, alikuwa anadai mbuzi wa mjomba wake. Hatukuona tatizo. Kifaransa, tuliambizana, kina maneno mengi.

Tulimpenda sana yule mwizi. Mwembamba, anaruka paa hadi paa kwenye mji wa theluji, na kila anayemwibia anamwinamia kwanza kwa adabu. Mimi nilimpenda kuwashinda wote kwa sababu na sisi nyumbani tulikuwa na wa kwetu. Kaka yangu Masanja aliiba mayai ya kuku wetu wenyewe, maana kiingilio cha mtoto kilikuwa yai moja na mimi sikuwa na ujasiri wa kuiba. Mayu, ndivyo sisi Wasukuma tunavyomwita mama, alimfukuza na mwiko kuzunguka nyumba. Masanja alisimama ghafla, akageuka, akainama kama yule wa kwenye katuni. "Shikamoo mayu. Yai limekwenda shule." Mama alicheka mpaka mwiko ukadondoka. Baba alikuwa ameshafariki, na kicheko chote cha nyumba ile kilitoka kwa Masanja.

Halafu baiskeli ya mnunuzi mmoja wa asali ikapotea, na Masanja akaonekana anaiendesha.

Sungusungu, walinzi wa jadi, walikuja mchana, na pinde, na filimbi zinazotoboa masikio. Masanja alikuwa anakula. Aliweka tonge chini taratibu, kama mtu anayetaka kulikuta palepale. "Niliazima tu, dogo. Narudi sasa hivi." Akapita dirishani. Mahindi yalimmeza, na nyuma ya mahindi kulikuwa na msitu. Wanaume thelathini wakamfuata. Kwa hesabu yangu ya siku ile walikuwa mia tatu.

Jioni walirudi, filimbi zimenyamaza. Mama alisimama katikati ya njia.

"Mwanangu yuko wapi?"

"Tumempoteza porini, mama Masanja."

Walimpita kushoto na kulia. Hakuna aliyemtazama usoni.

Mama alimtafuta polisi. Alimtafuta hospitali, wodi kwa wodi. Alipanda basi la Inyonga, akauliza kwa warina asali na kwa wakulima wa tumbaku, akarudi na vumbi mpaka kwenye kope, bila habari yoyote. Mimi nikaacha kula. Haukuwa ubishi; tonge lilifika kooni likakataa. Mama alinitisha, akanibembeleza, mwishowe akaketi karibu na sahani yangu akalia waziwazi, na bado sikuweza. Nilikonda mpaka nikisimama kiupande kivuli hakionekani.

Jumamosi moja mama, ambaye hajawahi kuachia yai bila vita, alinitia yai mkononi. Lilikuwa bado na joto.

"Nenda kaangalie katuni yako, ng'wanawane, mwanangu."

Nikaenda. Sadoki alipokea yai bila kuniangalia. Mwizi alipofika juu ya mnara akageuka kwetu, mdomo ukafunguka na kufungwa, Sadoki akakohoa.

"Anasema: mdogo wangu, usilie. Niko Mamba, kwa watu wema, navuna mpunga. Kula ugali wako. Na mwambie mayu asikitoe kitanda changu."

"We Mfaransa," mtoto mmoja akadakia, "huyu ana kitanda wapi? Si analala juu ya mapaa?"

"Nyamazeni nyie. Mnajua Kifaransa?"

Nilikimbia nyumbani, naamini miguu haikugusa ardhi. Mambo yote yalikuwa wazi: Masanja amefika Mamba, amekutana na mwenzake, naye kaleta salamu kwenye mkanda. Tena nilikuwa nimejifunza kwamba hata kwa Kifaransa mama ni mayu. Nilimweleza mama neno kwa neno. Alikuwa anapepeta mahindi, hakugeuka.

"Basi kaa ule," akasema.

Nikala sufuria nzima, na ukoko.

Jumamosi mbili baadaye mama alikuja bandani mwenyewe. Hakuna mwanamke mtu mzima aliyewahi kuingia mle. Alitoa yai lake mlangoni kama sisi, akakaa chini mbele kabisa, akanyoosha miguu.

"Mama Masanja kaja kuchagua mkwe," mmoja akanong'ona.

Mwizi alipofika mnarani, Sadoki alisema maneno yale polepole, yakimkwama njiani. Midomo ya mama ilikuwa inacheza. Nikadhani anasali. Alirudi Jumamosi iliyofuata, na nyingine, mpaka mkanda ulipokatika.

Masanja hakurudi. Hakurudi mavuno yale wala mengine yoyote, na mpaka leo hakuna aliyetuonyesha hata kiatu chake. Kitanda kilibaki, kinatandikwa kila asubuhi.

Nilikua, nikasoma masomo ya jioni mpaka kidato cha nne. Siku moja mwalimu aliuliza nani anajua neno la lugha ya kigeni. Nikasimama, kifua mbele, nikasema kwa Kifaransa mama ni mayu. Wasukuma watano waliokuwa darasani walicheka mpaka madawati yakahama. Nilicheka nao, sijawahi kuacha kicheko kipite bure. Njiani, peke yangu, nikaanza kujiuliza neno letu lilifikaje mdomoni mwa Sadoki. Utotoni nilidhani habari zote wanazo wakubwa, na kusubiri ni kazi ya watoto. Sikwenda kumwuliza. Nilikaa na swali lile hadi mama alipofariki.

Sadoki alikuja msibani kwa pikipiki kutoka Katumba, kichwa kimejaa mvi, na gunia la unga. Nikamtania, kwa sababu nisingetania ningeanguka pale. "Mfaransa, tuombee basi kwa Kifaransa."

Hakucheka. Alikuwa anatazama ndani, kitanda cha Masanja na shuka lake lililonyooshwa.

"Mimi Kifaransa sijui," akasema. "Nilivuka mpaka nikiwa mgongoni mwa mama yangu, ningejifunza wapi? Wala sijui kama kile kilikuwa Kifaransa. Maneno yale alinipa mama yako. Alikuja asubuhi, akanifundisha moja moja, niyaseme ili wewe ule."

"Sasa mwenyewe alikuja bandani kufanya nini?"

"Nilimwuliza hivyohivyo. Akasema akijisemea maneno yale nyumbani peke yake, hayamwingii."