Kikapu Tulichosuka Mimi na Doreen

Hii nawaambia nyie tu, na mkicheka chekeni polepole maana bado sijapoa. Mimi mtu mzima, mama wa watoto watatu, nina duka la vyombo vya plastiki hapo Kariakoo na vijana wote wa mtaa wananiamkia, nimeumbuka mbele ya darasa la nne zima pamoja na wazazi wao, na chanzo chenyewe ni uvivu. Hapana, siyo uvivu, uchovu. (Ingawa aibu ikishakufika haiulizi ilikuwa kipi.)

Siku hiyo nimerudi zangu Mchafukoge, nimepanda ngazi mpaka ghorofa ya nne maana lifti yetu tulishaisahau, miguu imevimba, sauti imekauka kwa kubishana bei tangu asubuhi, hata viatu sijavua, Doreen huyo hapo na fungu la ukindu mkononi. "Mama, mwalimu wa stadi za kazi kasema tusuke ukili na mzazi. Mrefu kama mkono tu. Tupeleke Ijumaa."

Sasa mimi Mchaga wa Marangu, nimekulia kwenye migomba, ukili naujua ukishakuwa mkeka na mimi nimeukalia. Nikamwambia tutasuka kesho. Kesho ikafika nimechoka kuliko jana, nikapita kwa muuza vikapu nyuma ya duka langu, ukili mtupu hana, basi nikabeba kikapu kizima, chekundu kwa kijani, kina mfuniko. Doreen akakiangalia, halafu akaniangalia mimi.

"Lakini mama, hatujasuka."

"Ukiulizwa sema tumesuka wote," nikamjibu, nikaenda kulala.

Ijumaa jioni nafungua simu, kwenye grupu la wazazi picha ya kikapu hiyo hapo, mwalimu kaandika, "Tazameni kazi ya Mama Doreen na mwanae," na wazazi wanamwaga makopa tu. Ningekaa kimya yangeishia hapo. Lakini sifa ni tamu jamani, na mimi siku nzima nashinda na wateja wanaoniambia beseni zangu laini, sifa nitazipata wapi? Nikaandika, "Mazoea tu, sisi kwetu ukili tunazaliwa nao." (Kwetu wapi? Wala hakuna aliyeuliza.) Mwalimu akajibu kwamba siku ya wazazi nisikose, wana jambo langu. Mimi nikajua zawadi. Nilishaanza kufikiria labda seti ya sufuria.

Nikatinga shuleni na kitenge kipya. Wazazi kwenye viti, watoto chini, katikati wametandika mkeka, na juu ya mkeka ukindu umelowekwa kwenye beseni. Mwalimu akasema kwa furaha kabisa, "Sasa Mama Doreen atatufundisha."

Hapo ningeweza kusema kidole kinauma. Ningeweza hata kuzimia. Ila nikatazama mwanangu alivyokaa mbele kabisa, amenyooka, wenzake wanamwangalia, nikajikuta nimeshavua viatu na nimekaa mkekani. Nikachukua ukindu nikaanza kusuka kitu pekee ninachojua kusuka, yaani nywele. Tatu tatu, nikavuta, nikabana. Mama Zuhura, mzazi mwenzetu wa Kilwa mwenye meza ya mitumba Mchikichini, alivumilia wee, mwisho akashindwa.

"Mama Doreen, shoga yangu, huo ni ukili au msuko wa twende kilioni?"

Watu wakavunjika mbavu. Watoto ndiyo usiseme. Jasho linanitoka mpaka kitenge kimenigandia mgongoni, na mwalimu, maskini, akitaka kuniokoa, akamgeukia mtoto. "Doreen, hebu tuambie, nyumbani mlisukaje?"

Kicheko kikakatika. Doreen akasimama, anapindapinda pindo la sketi, macho yamejaa machozi, akasema, "Hivyo hivyo mwalimu. Mama ndivyo alivyosuka."

Jamani. Kucheka wanicheke, nimezoea maneno ya sokoni. Lakini kumwona mwanangu, ambaye hata biskuti ya mdogo wake akila anakuja kujisema mwenyewe, anasimama mbele ya wenzake anadanganya ili mimi nisiaibike, na wenzake wanajua anadanganya, roho iliniuma kweli. Nikasema pale pale nilipokaa, "Mwalimu, mtoto hana kosa. Kikapu nimenunua mimi, na mimi ndiye niliyemwambia aseme tumesuka."

Hakuna aliyecheka tena, bora hata wangecheka. Mwalimu akakitoa kikapu mezani akanikabidhi taratibu, akasema Doreen atapewa nafasi ya kurudia.

Tukapanda bajaji, kikapu nimepakata mimi. Tumefika karibu na nyumbani ndiyo akaniuliza, bila hasira, anataka kujua tu, "Mama, siku nyingine wakiniuliza niseme nini?"

 Jibu nililipata baadaye, na ndilo ninaloishi nalo. Tangu siku hiyo sijanunua kazi ya mtoto na wala sinunui tena. Nikiwa na nguvu tunakaa chini tunahangaika wote, ukili wenyewe tuliurudia na ukatoka umepinda. Na siku nikirudi nimekwisha kabisa, namwambia Doreen aende hivyo hivyo mikono mitupu, akiulizwa aseme mama alichoka.

Mara mbili sasa ameshasema. Mwalimu anamwambia akae.