Zinki Iliyotoka Nzima

Wifi yangu hana dogo. Ukipita karibu naye pale karakana ya boti, kalala chali chini ya boti miguu tu imechomoza, usidhani hajakuona. "Wewe mwenye brashi, rangi yako ikae mbali na propela yangu!" Wapaka rangi wapya humcheka pembeni. Mama Zinki, wanamwita. Sisi tuliokuwepo siku ile hatucheki.

"Maji ya chumvi hayana adabu," hupenda kusema. "Lazima yatafune chuma. Sasa yape cha kutafuna." Ndiyo kazi ya zinki: kipande cha madini hayo, ukubwa wa kikombe, kinafungwa nyuma ya propela, kiliwe chenyewe ili propela ipone. Kikishalika nusu unakifungua, unatia kingine. Zinki iliyotoboka matundu kama jino bovu, kwake ni habari njema.

Aliolewa na kaka yangu, Mungu amrehemu, nahodha wa boti ya tanga. Watu walishangaa ndoa ile ilivyodumu, maana huyu alikuwa na grisi mpaka kwenye nywele, na yule nadhifu kupita kiasi. Bwana Pasi, tulimwita. Alipiga pasi hata vitambaa vya jikoni. Kamba za boti yake zilikunjwa utadhani zimetoka dukani leo. "Wifi, kakako siku moja ataninyoosha na mimi," alikuwa akiniambia, tunacheka mpaka mbavu zinauma.

Boti zilikuwa mbili, pacha, za tajiri mmoja. Mwaka mmoja kabla ya siku ile, wifi alifunga zinki mpya kwenye zote, kisha akaenda kujifungua. Kaka akajitolea kumalizia: akasafisha matumbo ya boti zote mbili na kuyapaka rangi mwenyewe, na kazi yake ilisifiwa na kila aliyeiona.

Siku hiyo boti ya kwanza ilikuwa imepandishwa nchi kavu, na kaka kaifuata ya pili bandari ya jirani ailete. Mimi nilikuwa nakwangua uchafu ubavuni. Wifi akalegeza bolti, zinki ikamwangukia mkononi. Nzima. Kona zake zote zipo.

"Heri yako," nikamwambia. "Bado mpya. Irudishe tukanywe chai."

Aliifuta utelezi, akaikwaruza kwa ncha ya bisibisi. Chini ya weupe wa juu kukatokea kijivu kinachong'aa.

"Wifi," akasema taratibu, "hii imepakwa rangi."

"Si Bwana Pasi huyo? Haachi kitu mpaka kipendeze."

"Ikipakwa rangi hailiki." Akanitazama, na sura ile sijaisahau. "Na kama hii haikuliwa, mwaka mzima kimeliwa nini?"

Akachukua nyundo ndogo, akaigonga propela. Propela nzima hulia kama kengele. Ile ilitoa mlio wa ubao. Akaisugua kwa msasa, na badala ya manjano ya shaba ikatoka rangi ya fizi. Akagonga tena, wala si kwa nguvu, na ncha ya panga moja la propela ikamegeka kama biskuti, ikaanguka chini. Mimi bado nakiangalia kile kipande, yeye keshasimama.

"Ile ya pili aliipaka lini?"

"Wiki ileile," nikasema. Hapo na mimi nikaelewa.

Lango la bandari yetu ni jembamba, mawe kushoto, mawe kulia, na mkondo unavuta. Haingii mtu pale kwa tanga. Unalishusha nje, unaingia kwa injini. Wifi alipiga simu huku anakimbia. Ikaita, ikaita. Kaka akikaribia lango alikuwa na tabia ya kuifunga simu kwenye mfuko na kuitia ndani ya droo, isilowe. Akapiga tena. Tukafika gatini roho mkononi.

Boti ilikuwa palepale nje ya lango, nyeupe, imependeza. Tanga linashuka.

"Usishushe!" Wifi alipiga yowe mpaka sauti ikamkauka. "Baba watoto, usishushe! Tia nanga!" Upepo ulikuwa unatupiga usoni, kila neno linarudi nyuma yetu. Kaka alituona. Akatupungia mkono kwa furaha, akidhani tumekuja kumpokea.

Kisha akafanya kama siku zote. Akalikunja tanga pindo kwa pindo, akalifunga kamba toka mwanzo mpaka mwisho, akalivisha na kifuniko chake. Wifi alikuwa ameniminya mkono. "Acha, acha, acha," anasema, wala hakuwa anasema na mimi.

Boti ikaingia langoni. Injini inanguruma vizuri tu, na kwa kitambo nikaanza kumshukuru Mungu. Halafu mlio ukabadilika. Ukapanda juu, mwepesi, kama blenda isiyotiwa kitu ndani. Boti haikusogea mbele tena. Ikaanza kwenda ubavu ubavu kuelekea mawe, na kaka yangu akaacha usukani, akalikimbilia tanga, akaanza kufungua vifundo vyake kimoja kimoja.

Vilikuwa vingi, na vyote alikuwa amevikaza vizuri.